Kitanda cha Kwedigole

Mazingara, Handeni
11 Februari 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa hapo Magoma. Natumaini goti lako limepoa na kijana wako wa Hale bado yuko kazini kwenye mitambo. Huku mvua za vuli zilitukimbia, mahindi yamebaki vijiti. Godfrey na mkewe Janeth wanakusalimu. Mimi ninapumua.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi ambapo hata wachunga mbuzi wana simu. Simu yangu anayo Godfrey. Alisema, "Baba mkubwa, macho yako yamechoka, acha nikutunzie." Anaitunza kweli, maana posho yangu inaingia humo. Barua hii anakuletea Muhidini, yule muuza mitumba anayezunguka minadani. Jibu mpe yeye, usimpe mtu wa nyumba hii.

Unajua nilivyofika hapa, lakini hukujua nilivyofikishwa. Miaka minne nilikaa Makao ya Wazee ya Kwedigole, tangu mke wangu alipofariki bila kuniachia mtoto. Yalikuwa mambo ya serikali: uji, kitanda cha chuma, muuguzi mmoja, na paa linalovuja upande wa wanaume. Hakuna ndugu aliyekanyaga pale. Mwaka jana ukaja mpango: familia itakayomchukua mzee wake kutoka makaoni italipwa posho ya matunzo kila baada ya miezi miwili. Ungeona upendo ulivyofufuka! Watu tuliodhani wameshakufa walikuja na pikipiki za kukodi. Mmoja alimkumbatia mzee asiye wake, akalia sana begani kwake, mpaka muuguzi akaja kumgeuza kwa mhusika. Godfrey alikuja na Janeth anapiga vigelegele. Huyu mtoto wa mdogo wangu marehemu Joseph, ambaye hakuwahi kuniletea hata kipande cha sabuni, alinibeba hadi barabarani kama bwana harusi. Tulikuwa wazee thelathini na kitu. Wamebaki watano.

Ninalala chumba cha kuhifadhia makopa ya muhogo, pamoja na panya wake. Shuka langu linafuliwa siku moja tu, siku ambayo binti wa ustawi wa jamii anapita kukagua. Siku hiyo Janeth ananiogesha huku amegeuza uso, akinishika kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa kinyesi cha kuku mezani. Ananipaka mafuta mpaka nang'aa kama kiatu cha askari, halafu nakalishwa barazani kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Binti akishaondoka, kiti kinavutwa kabla sijainuka vizuri.

Sasa neno lenyewe. Nataka kurudi Kwedigole. Utaratibu unasema mzee ambaye familia yake inapokea posho hapokelewi tena, mpaka ndugu wa damu, asiye yule anayelipwa, aende mwenyewe ofisini Handeni na kutia sahihi kwamba ukoo umeshindwa kumtunza. Ndugu wa damu niliyebaki naye duniani ni wewe. Na lazima iwe kabla Juni haijaisha. Halmashauri inasema makao hayahitajiki tena, kwa kuwa tangu posho ianze hakuna mtu aliyeomba kitanda. Mwaka wa fedha ukifungwa, na lango litafungwa.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Enock Semboja


Magoma, Korogwe
20 Machi 2024

Kaka Enock,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, ingawa imechelewa kwa sababu Muhidini alilazwa na homa. Sisi hatujambo. Mkwe wangu Catherine amejifungua mtoto wa kike, mkubwa hasa, mkunga alidhani ni mapacha. Goti langu ni lile lile.

Huku nako posho zimeingia, ila ni za akina mama wenye watoto wadogo, na sharti ni kumpeleka mtoto kliniki. Basi zahanati imefurika! Zamani walikuwa wanakosa nauli, wanamtibu mtoto kwa majani na sala. Sasa wanapanda bodaboda, wanafika kabla jua halijatoka, na mama ambaye hajapata posho naye anakuja ili asionekane mzembe. Ni jambo jema, nani atasema si jema? Lakini muuguzi ni yule yule, amekonda kuliko wagonjwa. Mimi nimepeleka goti langu mara mbili, nimerudi nalo. Juzi aliniambia, "Bibi, dawa zimeletwa kwa hesabu ya zamani, watu wamekuja kwa hesabu mpya. Nikukatie nusu kidonge?" Nikamwambia anikatie na nusu ya maumivu.

Kuhusu jambo lako, kaka, tuliache kwanza mvua za masika zipite. Barabara si nzuri. Tena Kwaresima si wakati wa kupelekana ofisini. Godfrey bado kijana, atajifunza. Na tafadhali usiseme mbele za watu kwamba unataka kurudi kule. Maneno yana miguu.

Nakutumia blanketi na sukari kidogo.

Mdogo wako,
Emiliana


Mazingara
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Hongera kwa mjukuu. Mungu amkuze, asirithi goti.

Asante kwa vitu. Blanketi nililiona likianikwa. Liko kitandani kwa Janeth. Sukari niliisikia ikikorogwa.

Wiki iliyopita binti wa ustawi alikuja tena. Ni mtoto mzuri, ana adabu. Alipiga goti kuniamkia. Godfrey alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu.

"Mzee, unatunzwa vizuri?"

"Natunzwa."

"Ungependa kurudi makaoni?"

Godfrey akacheka. "Dada, baba mkubwa arudi kule akafuate nini, uji wa serikali?"

Nami nikasema, "Hapana, mwanangu. Hapa ndipo kwetu."

Utaniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilipotoka ukarani wa mkonge nilikaa miaka mingi mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, kazi yangu ikiwa kumsaidia hakimu kupima ushahidi. Najua thamani ya ushahidi wa mtu aliyeshikwa bega. Lakini sisi tulilelewa kwamba mgeni haambiwi njaa ya nyumba huku umekalia kiti cha nyumba hiyo. Naamini kila mzee wa wilaya hii amelelewa hivyo hivyo. Binti anaandika "hahitaji", anamalizia soda yake, anakwenda nyumba ya pili kuandika "hahitaji" nyingine. Hizo ndizo zinazojumlishwa. Wananiita mlengwa. Katika Kiswahili nilichosoma mimi, kinacholengwa ni ndege.

Nimewaza sana maneno yako ya zahanati. Kwenu pesa zimewaleta watu mlangoni pa serikali, na serikali haikuongeza kidonge. Kwetu pesa zimewaondoa watu mlangoni, na serikali inataka kuuvunja mlango wenyewe. Huko wanahesabu waliofika, huku wanahesabu walioondoka, na pande zote mbili wanapongezana. Hakuna anayehesabu kilichomo ndani ya mtu.

Umeniandikia habari za mtoto, za muuguzi na za goti. Mimi nilikuuliza jambo moja. Tangu utotoni, ukiwa na kitu cha kuficha husimulia magonjwa. Unaficha nini?

Enock


Magoma
2 Juni 2024

Kaka Enock,

Shikamoo. Sote wazima. Sitaanza na goti.

Mimi ndiye niliyemwambia Godfrey akakuchukue.

Ilikuwa usharikani, katika kikundi cha akina mama. Tulikuwa tunapanga kwenda kuwatembelea wazee wasio na watu, tunachanga mchele. Mwenzetu mmoja akasema, "Mama Emiliana, ya nini kwenda mbali? Kaka yako si yuko kwa serikali? Tuanze na wako." Walicheka taratibu, kile kicheko cha kanisani. Nilifika nyumbani hata kitenge sijavua, nikampigia Godfrey, nikamwambia kuna mpango wa posho. Nilidhani pesa zitamwita, na mkishakuwa nyumba moja damu itafanya iliyobaki.

Na kila posho ikitoka, alikuwa ananitumia ya sabuni. Nilikuwa napokea. Ile sukari niliyokutumia ilitoka humo humo. Kwa hiyo, kaka, nami nimekula.

Sasa nikienda kutia sahihi kwamba ukoo umeshindwa, nitakuwa nasaini jina langu mwenyewe. Halafu kuna Godfrey. Kijana wangu wa Hale unamjua, pombe imemmaliza, hata mimi mwenyewe simtegemei. Mwanamume wa kunisimamia kaburini ni Godfrey. Amekwisha kunipigia simu.

"Shangazi, nasikia kuna karatasi zinatembea. Ukiniaibisha, siku yako ikifika usinitafute."

Nikamwambia, "Siku yangu ikifika nitakutafutaje nami nimelala?"

Akakata simu. Nilicheka. Kisha nikaogopa, na mpaka leo naogopa. Sijaenda ofisini. Nisamehe.

Emiliana


Mazingara
10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Wasalimie wote. Kifua kimejaa, na ninayoyakohoa si ya kuandikwa kwenye barua. Muhidini anasubiri nje, anajifanya anapima suruali kwa jirani, kwa hiyo nitasema haraka.

Barua yako ilinikasirisha mpaka nikaitupa chini. Kisha nikaiokota. Uliyoyafanya wewe ni ya mtu mwenye haya. Yangu yananuka kuliko hayo, na sitaki kufa nayo.

Pale Kwedigole yuko bibi mmoja anaitwa Mwantumu, Mzigua, ananizidi umri. Hana mtoto, hana ndugu, ana ulimi tu. Alikuwa mtani wangu, kama ilivyo kati yao na sisi Wasambaa. Kila asubuhi alikuwa ananiamsha dirishani: "Msambaa, toka nje uote jua, milimani kwenu hakuna!" Nami namjibu kwamba Wazigua wanalijua jua kwa sababu hawana kazi nyingine ila kulitazama. Sikuwa na rafiki mwingine.

Agosti ya mwaka juzi, kabla mpango haujaanza, wakubwa kutoka halmashauri walikuja kutusikiliza. Walisema fedha hazitoshi mambo mawili. Ama waezeke paa na kuongeza muuguzi wa pili, ama watoe posho kwa familia. Jioni iliyotangulia tulikaa wote bwaloni tukakubaliana: tunataka paa na muuguzi. Nikachaguliwa mimi niseme, kwa kuwa nimesoma.

Asubuhi yake, kabla sijasimama, mkubwa mmoja alikisifu Kiswahili changu na kuniita mheshimiwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniita hata bwana. Nikaona usoni kwake anachotaka kusikia, na nikampa. Nilisema mzee wa Kiafrika hazeekei kwenye kitanda cha serikali, anazeekea katikati ya damu yake. Walipiga makofi. Wazee wenzangu walinitazama tu.

Mwantumu akainuka na fimbo yake. "Mimi damu yangu imeisha," akasema. "Nakitaka kitanda cha serikali. Niezekeeni paa."

Mkubwa alishika kalamu. Emiliana, nilimwona anashika kalamu. Nami nikasema, "Msimsikilize huyu, ni mtani wangu. Mzigua ukimpa kitanda cha bure, kesho ataomba na kaburi la bure."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkubwa naye akacheka, akaiweka kalamu mezani. Unajua utani wetu ulivyo: mtu akishatajwa kuwa mtani, hata akilia anahesabiwa anachekesha. Mwantumu akasema, "Sitanii." Wakacheka zaidi. Akasema mara ya pili, "Jamani, sitanii." Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha Godfrey akaja na pikipiki, nikaondoka bila kumuaga.

Chumba hiki kinanuka mkojo wangu mwenyewe na nimeuzoea. Kile kicheko sijakizoea. Kikinijia, natema.

Juni ikiisha, watano wale watahamishiwa mkoa mwingine. Mwantumu hajawahi kulala nje ya Handeni. Sikuombi uende kwa kunihurumia, mimi nimestahili makopa haya. Nenda kwa sababu ombi moja likiandikwa, hawataweza tena kusema hakuna aliyeomba. Kuhusu kuzikwa kwako, siwezi kukudanganya. Labda Godfrey hatakuja. Nenda hivyo hivyo.

Enock


Magoma
30 Juni 2024

Kaka Enock,

Shikamoo. Nilirudi nyumbani wiki iliyopita na miguu bado imevimba kama mihogo, kwa hiyo hata leo naandika nikiwa nimelala.

Nilikwenda. Nilifika Korogwe nikapata basi la Handeni, na pale stendi nani ananisubiri? Godfrey. Sijui nani alimwambia. Akaniamkia kwa sauti, ili watu wasikie ana adabu, kisha akaniinamia sikioni.

"Shangazi, umekuja kunivua nguo sokoni?"

"Nguo gani, mwanangu? Hizo ulizovaa zimenunuliwa kwa mgongo wa kaka yangu. Na hii kanga yangu pia. Tuvuliwe wote."

Akasema, "Mzee mwenyewe hajalalamika."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja mimi." Nikamwacha amesimama na wauza karanga.

Yule binti wa ustawi alinipokea vizuri, lakini alibisha. "Bibi, una uhakika? Huyu mzee nimemuuliza kila nilipokwenda. Anasema anatunzwa."

"Wakati unamuuliza, nani alikuwa nyuma yake?"

Akafikiri. "Yule kijana wake."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye kiti walichonipa."

"Basi rudi bila kutoa taarifa. Mkute huko anakolala. Kaa chini. Soda usinywe. Muulize tena, na akisema 'natunzwa' usiondoke, subiri."

Nikatia sahihi. Palikuwa na mstari unaotaka sababu, nikaandika: Tulimchukua kwa ajili ya posho. Binti alisoma akanitazama, akasema hapo huwa wanaandika umaskini. Nikamwambia umaskini tunao, lakini sababu ni hiyo niliyoandika. Kisha nikamwambia maneno ya Mwantumu, yote, hata kicheko chako. Aliandika.

Nasikia alikuja kwako kesho yake, akakaa chini kwenye makopa, na kwamba safari hii ulisema ukweli. Nasikia pia amezunguka upya nyumba za wenzako bila taarifa, na wengi wamesema kama wewe. Makao hayafungwi mwaka huu. Hawakuahidi zaidi ya hapo, na paa hakuna aliyelitaja.

Godfrey amenitumia ujumbe ambao sitauandika. Namba yake nimeiacha kwenye simu. Sijui kwa nini.

Mdogo wako,
Emiliana


Makao ya Wazee, Kwedigole
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Natumaini miguu imepungua na mtoto anaongezeka. Mimi nipo Kwedigole. Nimepewa kitanda kilicho chini ya tundu la paa, nacho nimekipokea. Kifua hakitafika mbali. Muuguzi ameacha kunificha, nami nimeacha kumuuliza. Shuka ni safi, Emiliana. Linafuliwa hata kama hakuna mgeni. Huwezi kujua jambo hilo ni kubwa kiasi gani mpaka uwe umelala kwenye lenye mkojo wako mwenyewe.

Wamerudi kumi na wawili. Familia zao zinatuchukia. Mwana wa mmoja alimtupia baba yake kifurushi juu ya lango.

Siku ya tatu nilisimama bwaloni, kwa kuwa niliyasema bwaloni. Binti wa ustawi alikuwepo. Nilieleza yote: waliyonituma na nilichosema, na jinsi nilivyomgeuza Mwantumu kuwa kichekesho ili mimi niendelee kuwa mheshimiwa. Nikamwomba radhi kwa jina lake. Hakuna aliyecheka. Mwantumu alimaliza uji wake, akafuta mdomo na upindo wa kanga, akasema, "Nimesikia, Mzee Semboja."

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi nikamngoja dirishani. Akapita na fimbo yake, akasimama, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee."

Ananizidi umri, Emiliana. Anajua.

Nikamchokoza. "Mzigua, leo mbona hujaiba uji wa watu?"

"Sijaiba, mzee. Pole na kifua."

Ndivyo ilivyo kila siku. Ananiletea maji nikikohoa. Ananipisha mlangoni. Sauti yake ni ile wanayotumia watu kwa kiongozi anayepita na gari. Nimemtukania ukoo wake wote, nimemwambia Wazigua walizaliwa wamechoka, na yeye ananijibu ndiyo mzee, labda ni kweli. Wenzetu wanadhani amenisamehe, wanatusifu kwa adabu.

Jana nilimuuliza waziwazi. Nilisema siku zangu zimekwisha, na watakapokuja kunizika watatafuta mtani wa kulala kaburini na kudai ada, wa kunisema ubaya ili watu wapate kucheka, kama ilivyo desturi yetu. Nikasema nataka awe yeye.

Alifikiri kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa na hakimu.

"Mimi sitanii, mzee," akasema. "Niliwaambia. Lakini nitakuja kuzika, nitakaa nyuma, na sitasema neno baya."

Usihangaike kumtafuta mtani mwingine huko Korogwe, simtaki. Njoo wewe ukiweza. Na ukimwona Mwantumu amekaa nyuma na macho chini, usimchokoze. Mwache. Nitazikwa kwa heshima zote.

Kaka yako,
Enock